Kutambua mimea ya asili Mlima Elgon: anza na mwinuko, ua liwe la mwisho

Swali: Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja hapa Mbale. Mwezi wa Desemba tunapanda Mlima Elgon na walimu wenzangu. Tutaingilia Budadiri kwa njia iitwayo Sasa na kutokea upande wa Sebei. Nilipopanda mara ya kwanza nilipiga picha nyingi za mimea, lakini nilipoziingiza kwenye programu ya simu, mmea mmoja ulipewa majina matatu, na mengine ni ya mimea ya Ulaya. Maua yenyewe yalikuwa machache. Nifanye nini ili niweze kutambua mimea ya mlimani, na nitajuaje upi ni wa asili na upi uliletwa?

Jibu: Mwalimu, nashukuru kwa swali hili, hasa kwa kuwa utakachokijua wewe kitawafikia wanafunzi wengi wanaouona mlima huo kila asubuhi na hawajawahi kuukanyaga.

Wapandaji wengi hutafuta ua kwanza. Wakilikosa hukata tamaa, wakilipata hupiga picha ya ua peke yake kwa karibu, basi. Lakini siku yoyote utakayopanda, mimea mingi utakayoipita haina ua. Kuna inayochanua wiki chache kwa mwaka, kuna inayongoja miaka, na mianzi huweza kukaa miongo kadhaa bila kuchanua. Jani lipo siku zote. Gome lipo. Harufu ipo. Na zaidi ya hayo yote upo mwinuko, yaani mita ulizosimama juu ya usawa wa bahari, ambao unaondoa majina mengi yasiyowezekana kabla hujauangalia mmea wenyewe. Kwa hiyo utaratibu ninaoufundisha ni huu: mwinuko kwanza, kisha upande wa mlima, kisha jani, kisha gome na harufu na utomvu, kisha tunda. Ua linakuja mwisho, kuthibitisha.

Tuanze na mwinuko. Kila ukipanda mita 100, joto hushuka kwa takriban nyuzi 0.6. Kutoka mita 2,000, karibu na mwanzo wa msitu, hadi kilele cha Wagagai chenye mita 4,321, unapoteza nyuzi zipatazo 14, na usiku kule juu maji huganda. Hakuna mti unaoweza kuishi vizuri kotekote humo, ndiyo maana mlima umejipanga kwa kanda. Hadi kama mita 2,500 ni msitu mchanganyiko wa milimani wenye miti mirefu. Kutoka hapo hadi karibu 3,000 ni mianzi na miti mifupi. Kati ya 3,000 na 3,500 inatawala erika, ile miti yenye vijani vyembamba sana. Juu ya hapo ni nyanda za nyasi ngumu, senesio kubwa na lobelia. Mipaka hii haikuchorwa kwa rula. Bonde lenye ubaridi hushusha mmea wa juu, na mahali palipoungua moto nyasi hukaa pale ambapo erika ingekuwa. Hata hivyo, mtu akikuambia ameona senesio kubwa kwenye mita 2,200, mwombe akuonyeshe picha.

Washa kipimo cha mwinuko kwenye simu, na kila unapopiga picha ya mmea andika mita. Ni kazi ya sekunde tatu, na kwangu mimi ina thamani kuliko kamera ya bei kubwa.

Kisha upande wa mlima. Njia ya Sasa inapanda upande wa magharibi, unaopata mvua nyingi: msitu mzito, mianzi minene, vijito kila mahali na makangaga makubwa yenye shina kama mti kandokando yake. Upande wa kaskazini na mashariki, kule Kapkwata kuelekea Suam, ni mkavu zaidi, na ndiko utakakokutana na podo na mitarakwa. Hamjasema mtatokea wapi upande wa Sebei. Kama mna hiari kati ya kushukia njia ya Sipi na njia ya Piswa, nawashauri Piswa bila kusita. Sipi ni nzuri, ina mapango na maporomoko, lakini kwa mtu anayejifunza miti, kupanda upande wa mvua na kushukia upande mkavu ni kama kupata milima miwili kwa safari moja.

Sasa jani, na hapa huhitaji kungoja Desemba. Nenda kwenye shamba lolote la kahawa pale Budadiri. Shika tawi la kahawa ya arabika uangalie majani yalivyopangika: mawili mawili, yakitazamana. Kingo zake ni laini, hazina meno. Halafu tazama pale vikonyo vya majani mawili vinapokutana na tawi. Katikati yao kuna kigamba kidogo chenye ncha, pande zote mbili. Ukiona mambo hayo matatu kwenye mmea wa msituni, yaani majani yanayotazamana, kingo zisizo na meno na kigamba kati ya vikonyo, karibu kila mara uko kwenye jamaa ya kahawa, hata kama hujui jina lake na hata kama hauna ua wala tunda. Jamaa hiyo ni kubwa sana katika misitu yetu. Umejifunza ufunguo mmoja, na utafungua milango mingi. Kahawa yenyewe ya arabika, lakini, si ya asili Elgon. Asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia na maeneo ya jirani yake.

Kwa hiyo kila jani liulize haya: mmetazamana au mnapishana? U jani moja zima, au u vijani vingi kwenye kikonyo kimoja? Kingo zako zina meno? Mgongo wako una rangi gani? Swali la mwisho ndilo watu husahau. Geuza jani. Mimea mingi ya milimani huficha alama yake mgongoni: manyoya, rangi ya fedha, madoa, tezi.

Nusu ya swali lako ilikuwa kuhusu mimea ya kigeni, na jibu linaanzia chini, kabla hujafika kwenye geti la hifadhi. Ukitoka Mbale, miti mingi unayoiona kandokando ya barabara ililetwa. Kalitusi na grevilea zimetoka Australia. Msonobari unaopandwa sana kwenye mashamba ya mbao, na saipresi, vimetoka Mexico na Amerika ya Kati. Yale maua makubwa ya njano kwenye uzio na kingo za mashamba, tithonia, yametoka Mexico na Amerika ya Kati. Lantana yenye maua madogo ya rangi mchanganyiko na majani yanayokwaruza imetoka Amerika ya kitropiki. Katikati ya hiyo yote wapo wenyeji ambao wakulima wamewaacha makusudi: mringaringa, Cordia africana, wenye maua meupe na majani mapana, unaotoa kivuli kwa kahawa; na Croton macrostachyus, ambao ukiutazama kwa mbali utaona majani machache ya rangi ya chungwa kati ya mabichi, kwa sababu majani yake huzeeka kwa rangi hiyo. Kuna pia mgomba-mwitu, Ensete ventricosum, kwenye makorongo. Wageni hudhani ni matoke yaliyotelekezwa. Tazama chini: mgomba-mwitu hauchipuzi machipukizi ya pembeni, unasimama peke yake, shina limevimba sehemu ya chini, na tunda lake limejaa mbegu nyeusi kubwa na ngumu. Huo ni mwenyeji.

Ndani ya msitu, mti wa kwanza ninaotaka uujue ni Prunus africana, na nitauelezea kwa kirefu kwa sababu ni mti wenye historia nzito. Ni mrefu, gome lake ni jeusi au kahawia iliyokolea, limepasukapasuka vipande vipande vya pembe nne. Majani yanapishana. Kingo zina meno madogo yaliyo butu. Kikonyo mara nyingi kina wekundu au upinki, na pale jani linapoanza, tazama kwa makini, mara nyingi utaona tezi mbili ndogo. Okota jani lililoanguka ambalo bado ni bichi, lisugue vidoleni, unuse: harufu ya lozi chungu. Harufu hiyo inatokana na viambata vinavyotoa sianidi, kwa hiyo nusa tu, usionje. Matunda ni madogo, mekundu yakielekea zambarau, mapana kuliko urefu wake, na kima na mbega huyapenda. Ukiona vipande vya matunda hayo njiani, tazama juu.

Gome la mti huo hutumika kutengenezea dawa ya uvimbe wa tezi dume na husafirishwa nje ya Afrika. Kwa kuwa watu walikuwa wakiuchuna mti mzima mpaka unakufa, tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, Kiambatisho cha Pili. Ukikutana na mti wenye gome jipya lililovimba kingoni na kovu refu katikati, uliwahi kuchunwa na ukapona. Simama hapo na walimu wenzako. Somo zima la uhifadhi liko kwenye kovu hilo.

Kama mtashukia Piswa, mtapita kwenye podo. Wapo wa aina mbili, na watu wengi, hata waongozaji wazuri, huwaita jina moja. Podocarpus latifolius ana majani mapana zaidi, magumu, na gome linalobanduka kwa vipande virefu vyembamba. Mbegu yake inakaa juu ya kikalio laini kinachovimba na kuwa chekundu. Afrocarpus gracilior ana majani membamba na mafupi, gome linabanduka kwa magamba, na hana kikalio chekundu. Mbegu yake kubwa imezungukwa na ganda lenye nyama. Ukiokota kitu chini ya mti chenye sehemu nyekundu na mbegu ya kijani juu yake, umepata jibu bila kupandisha macho. Na usitafute ua. Podo ni ndugu wa msonobari, haitoi maua.

Hapo hapo Kapkwata kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote mlimani. Mtakutana na mashamba ya miti ya mbao, na saipresi ni mmoja wa miti hiyo. Juu na kandokando, hasa sehemu kavu, kuna mtarakwa, Juniperus procera, ambao wengine huuita mwerezi. Kwa mbali inafanana mno: yote ina vijani vidogo kama magamba vilivyobana tawi, yote ni ya kijani kibichi, yote inanukia ukiisugua. Mmoja ni mgeni aliyepandwa, mwingine ni mwenyeji ambaye mlima huu ni nyumbani kwake. Tofauti iko kwenye tunda. Saipresi ina koni za mviringo, ngumu kama mbao, zenye magamba yaliyokutana na kincha kidogo katikati ya kila gamba, zikikauka zinafunguka. Mtarakwa una vitu vinavyoonekana kama beri: vidogo kuliko punje ya kahawa mbivu, laini, bluu yenye weusi, na vimepakwa vumbi jeupe ambalo ukilifuta kwa kidole linaondoka. Havifunguki kwa magamba. Mitarakwa mingine ni ya kiume na haina beri, kwa hiyo ukikosa, angalia mti wa pili na wa tatu. Gome la mtarakwa hubanduka kwa nyuzi nyembamba ndefu. Mpe kila mwalimu dakika tano ajibu mwenyewe: huyu ni mwenyeji au mgeni? Baada ya hapo hakuna atakayesahau.

Mianzi sina haja ya kukufundisha, umekula malewa tangu utotoni. Mwanzi huo wa milimani ni mwenyeji, na machipukizi yake ndiyo yanayokaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga. Ila angalia miguu: kwenye nafasi wazi za ukanda huu na wa msitu kuna mmea uitwao kiwavi, Urtica massaica, wenye majani yanayotazamana, yenye meno makubwa na nywele zinazowasha hata kupitia suruali nyepesi. Huo ni mmea mmoja ambao utautambua kwa ngozi usipoutambua kwa macho.

Mahali msitu unapoishia, kando ya mianzi na juu yake, tafuta hagenia. Hagenia abyssinica ni wa jamaa ya waridi. Mti una shina lililopindapinda, gome jekundu-kahawia linalobanduka, na majani makubwa sana yaliyokusanyika kwenye ncha za matawi. Kila jani ni vijani vingi vyenye meno vilivyopangika pande mbili za kikonyo kimoja, na mgongo wake una rangi ya fedha. Maua yananing'inia kwa mafungu makubwa. Miti ya kike ina mafungu yenye wekundu, ya kiume yana rangi iliyopauka zaidi, kwa hiyo usidhani ni aina mbili za miti. Ethiopia maua ya kike yametumika kwa karne nyingi kutibu tegu, na kipimo kikizidi ni sumu. Naitaja ili usimruhusu mtu yeyote kwenye kundi lenu kujaribu.

Karibu na hagenia utaona kichaka au mti mdogo wenye maua makubwa ya njano yanayong'aa. Hata bila ua unaweza kuuthibitisha: majani yanatazamana, hayana kikonyo, yamebana tawi. Chukua moja lililoanguka, liinue kuelekea mwanga wa jua. Utaona vitobo vidogo vinavyopitisha mwanga. Si vitobo, ni tezi za mafuta. Lisugue, litatoa harufu inayokaribia bizari. Huyo ni Hypericum revolutum. Ni mmoja wa mimea rahisi kabisa kuifahamu, na nashangaa ni wachache kiasi gani wanaouchunguza zaidi ya kusema "lile ua la njano".

Kwenye ukanda wa erika wengi huona mti mmoja tu unaojirudia. Erica arborea ina vijani vyembamba na vifupi vilivyozunguka tawi, na maua madogo mno, meupe, yenye umbo la kengele. Kisha kuna kichaka cha kijivu kinachoiga erika, Stoebe kilimandscharica; vijani vyake vimefunikwa manyoya ya kijivu, na maua yake ni ya jamaa ya alizeti, yaani ni vichwa vidogo vya maua mengi yaliyokusanyika. Hapa ndipo lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 inapolipa gharama yake. Ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi si sehemu ya mti wala hazinyonyi mti. Ni kuvumwani, ushirika wa kuvu na mwani, na hupata maji kutoka kwenye ukungu.

Sasa tufike juu, kwenye wale wawili wanaopigwa picha kuliko mimea mingine yote ya Elgon na wanaochanganywa kuliko mimea mingine yote: senesio kubwa na lobelia kubwa. Wote hukusanya majani kwenye kichala kimoja, wote ni wakubwa, wote wanaonekana wageni machoni. Lakini si ndugu wa karibu.

Senesio ya hapa ni Dendrosenecio elgonensis. Ni jamaa ya alizeti. Ikikua inakuwa mti kweli, ina shina nene na matawi, na kila tawi linaishia na kichala cha majani mapana, mazito. Chini ya kichala kuna majani makavu ya miaka iliyopita yaliyobaki yamelizunguka shina. Usiyang'oe. Yanalikinga shina na baridi ya usiku, na ukiyaondoa, unauvua mmea nguo yake. Matawi yake yanahesabika kwa namna ya pekee: kichala kinapochanua, kinaishia hapo, na ukuaji unaendelea kwa matawi mapya pembeni. Kwa hiyo mti wenye matawi mengi ni mti uliochanua mara nyingi, nao ni mzee. Maua ni ya njano. Kila mlima mrefu wa ukanda wetu una senesio zake: Kenya ina zake, Kilimanjaro ina zake, na Rwenzori kuna Dendrosenecio adnivalis na ndugu yake erici-rosenii anayepatikana pia Virunga. Programu ya simu ikikupa jina la senesio ya Mlima Kenya ukiwa umesimama karibu na pango la Mude hapa Elgon, ikatae. Mahali ulipo pameshakujibu.

Lobelia ni jambo jingine. Jani lake ni jembamba zaidi na refu, na likivunjika linatoa utomvu mweupe. Huna haja ya kulivunja; tafuta jani ambalo tayari limeumia. Utomvu huo unawasha, usiupeleke machoni. Ua la lobelia si la njano, linaelekea bluu au zambarau au weupe wenye kijani, nalo linakaa kwenye nguzo moja iliyosimama wima.

Na lobelia zenyewe zimejipanga kwa mwinuko, ndiyo raha yake. Chini msituni na kwenye mianzi yupo Lobelia gibberoa, mrefu kupita mtu mara kadhaa, shina moja lisilo na tawi. Juu zaidi, kwenye mabonde ya majimaji, utakutana na Lobelia aberdarica. Kwenye nyanda za juu kabisa wapo wawili, nao ndio mtihani. Lobelia telekii akichanua anasimamisha nguzo iliyofunikwa nyuzi ndefu za kijivu mpaka huoni maua. Yafunue kwa ncha ya kalamu, yamo ndani. Nyuzi hizo ni vijani vilivyobadilika, na zinakinga maua na baridi. Huchanua mara moja tu maishani kisha hufa, hivyo nguzo kavu zilizosimama mlimani nyingi ni zake. Mwingine ni Lobelia deckenii, aina ndogo ya elgonensis. Nguzo yake haina nyuzi ndefu. Ina vijani vipana vilivyopangana na kuficha maua, na kichala chake hukusanya maji katikati. Asubuhi mapema mkitoka kambini, chungulia humo. Utaona barafu nyembamba juu, na chini yake maji ambayo hayajaganda, na chini ya maji ndiko kwenye kichipukizi. Maji hayo yanazuia kichipukizi kuganda. Ndege wadogo wa jamii ya chozi ndio wanaochavusha lobelia hizi, kwa hiyo ukimwona mmoja ameng'ang'ania nguzo, mngoje amalize kabla hujasogea.

Mimea midogo ya juu nitaipita haraka. Vichaka vya chini vyenye majani madogo yaliyogawanyika kama kiganja ni alkemila. Maua meupe au ya pinki yanayokwaruza kama karatasi na hayanyauki ni helikrisamu. Nguzo fupi za rangi ya chungwa na njano zenye majani marefu kama ya kitunguu ni Kniphofia. Nyasi na vindago ziache kwanza, ni kazi ya wataalamu na huhitaji mbegu mkononi.

Kuhusu simu. Programu hizi hujifunza kutokana na picha ambazo watu wamezipakia, na picha za Ulaya na Marekani ni nyingi mno ukilinganisha na za Elgon. Ndiyo sababu ya yale majina ya Ulaya. Haimaanishi uziache. Tumia iNaturalist, kwa kuwa nyuma yake wapo watu wanaosahihisha, na picha zako zitawasaidia watakaokuja. Lakini picha moja haitoshi. Kwa kila mmea piga mmea mzima, mwenzako akiwa amesimama kando ili ukubwa uonekane, kisha tawi linaloonyesha majani yalivyopangika, kisha jani usoni na mgongoni, kisha gome, kisha tunda au ua, kwa ubavu na kwa mbele. Andika mwinuko na harufu, kwa sababu picha hainusi. Jina la programu lichukue kama pendekezo, ulipime kwa mwinuko na mlima. Kwa mimea iliyo hatarini kama Prunus africana, iNaturalist mara nyingi huficha mahali halisi, na wewe pia usiandike mahali pake kwenye kurasa za kijamii.

Muulize kila mara askari wa hifadhi na wapagazi wanaufahamuje mmea. Upande wa Budadiri watakupa jina kwa lugha ya Lumasaba, upande wa Kapkwata kwa lugha ya Kupsabiny. Yaandike yote mawili pamoja na matumizi, na useme nani wanaliita hivyo. Ukija kulinganisha na picha utagundua kwamba mara nyingi wameitofautisha miti ambayo wewe uliiona sawa.

Mwisho kuhusu sheria. Hii ni hifadhi ya taifa tangu 1993. Hampandi bila askari wa UWA, yaani Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na hamruhusiwi kukata wala kubeba mmea bila kibali. Majani yaliyoanguka yanatosha kujifunzia, na yabaki mlimani. Kama shule yenu inataka sampuli za kukausha kwa ajili ya maabara, andikeni barua UWA mapema, wiki kadhaa kabla ya safari, mkieleza mimea gani na kiasi gani. Picha mtakazoshindwa kuzitambua, zipelekeni kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Chuo Kikuu cha Makerere, zikiwa na mwinuko, tarehe na njia mliyopita. Bila hayo matatu watakuuliza hayo matatu kwanza.